Kufukiza ya Kisasa

Goma, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2026

Daniella mudogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Papa wetu. Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Nakuandikia kwa karatasi sababu sauti ninazokutumia kwa simu unasema network ya Kiwanja inazikata katikati, na mimi sipendi kukatwa katikati. Barua hii utaletewa na Samy, yule dereva wa Fuso ya kabichi. Umupe chai, ana njia ndefu.

Kwanza nikupe habari ya Bénie. Daniella, yule mutoto! Sijui nilikula nini wakati wa mimba yake. Fanfare, ile bendi ya shule yao, ina wavulana wenye mabega kama milango, lakini trompeti ya mbele wamemupa yeye, musichana. Akipuliza, avenue yote, mutaa muzima, inajua ni mutoto wa nani. Wasiojua, ninawaambia.

Sasa, tangu karibu na Noeli kifua kinamusumbua. Anakohoa asubuhi, anakohoa akibeba bidon ya maji. Vumbi ya Goma unaijua, yale mawe meusi yanasagwa na magari na sisi tunayameza. Nilitaka kumufukiza vile mama alivyokuwa anatufukiza: chungu cha majani ya mikalitusi, kitenge juu ya kichwa, unatoka pale umeiva kama kiazi. Lakini makala, haya makaa ya kupikia! Makala ya Goma imekuwa kitu cha matajiri. Nikichemsha chungu kwa ajili ya muvuke tu, maharagwe nitayaivisha na nini?

Sikia basi akili ya dada yako. Karibu na mulango wa shule kuna kijana anaitwa Gentil, ana kioski ya yunite za simu na biskuti. Nikaona kwake vitu vidogo vya rangi, vinene kama kalamu tatu zimefungwa pamoja. Mutu anaweka mudomoni, anavuta, muvuke unatoka, na harufu ya menthe, kama ya nanaa, inajaa njia nzima. Nikamuuliza, "Gentil, hii si ni ya kujifukiza?" Akaniangalia kidogo. Akasema, "Njo vile, mama. Njo vile kabisa."

Bila moto, bila chungu, bila makala! Nikanunua pale pale. Nilipomupa Bénie, aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Aksanti, mama." Basi. Ni mutoto wa adabu, hana maneno mengi, si kama mimi.

Ninatuma moja kwa Papa, kwa ajili ya kile kifua chake. Avute polepole. Nimekwisha kuwaambia wamama wa avenue na wale wa kikundi cha sala, na Mama Igihozo, jirani yangu, amemununulia mutoto wake. Wananiambia, "Mama Bénie, wewe unajua kuishi." Na ni kweli.

Dada yako,
Émérance


Kiwanja, tarehe 25 mwezi wa kwanza 2026

Yaya Émérance, dada yangu,

Samy alifika, alikunywa chai, akala na viazi vyangu vyote. Aksanti kwa barua na kwa kufukiza ya Papa.

Nilimweleza kama ulivyoandika. Nikasema, "Papa, hii Yaya ametuma, ni kufukiza ya kisasa." Akavuta mara moja, akafunga macho. Halafu akacheka peke yake, akasema, "Hii tunajuana." Nikamuuliza, munajuana namna gani? Akajibu, "Menthe. Menthe tunajuana."

Tangu siku ile Papa amekuwa mutu mwingine. Anakaa mulangoni anatoa muvuke kama lori lililochemka kwenye kilima. Hagombani na mbuzi, hagombani na mimi, hata chumvi haulizi. Kifua, siwezi kusema kimepona. Anakohoa, naona hata zaidi ya zamani, ila anakohoa akiwa na furaha. Anasema kitu chako kinaisha, utume kingine, na anauliza kama kuna ladha nyingine.

Na Bénie je? Uliandika mengi juu ya trompeti lakini hukuniambia kama kikohozi kimeisha.

Mudogo wako,
Daniella


Goma, tarehe 14 mwezi wa pili 2026

Daniella,

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mashimo mwenyewe.

Prefe, mukubwa wa shule, ametuita wazazi. Tumekaa, amevaa miwani, anasoma: watoto wa sare ya bleu-blanc wanavuta vitu vinaitwa pufu, hata chooni, hata nyuma ya kanisa, darasa linanuka kama duka la keki. Anataka komite ya wazazi na shefu wa avenue wamukataze Gentil kuuza vitu vya ladha ya matunda karibu na shule. Na amepiga marufuku mutoto yeyote asiingie navyo. Halafu, mbele ya watu wote, anasema jina la Bénie! Eti alimukamata nayo wakati wa hesabu.

Nikasimama. Unanijua nikisimama.

"Prefe, mutoto wangu ni mugonjwa wa kifua. Unamukataza dawa?"

"Mama, hii si dawa."

"Wewe ni munganga?"

Watu wakacheka. Akasema, "Mama Bénie, tafazali, twende tuzungumze ofisini." Nikamwambia, "Tuzungumze hapa hapa, mimi sina siri. Mutoto anapulizia shule yenu trompeti mpaka kifua kinaharibika, mimi ninamutafutia nafuu, munamutia haya mbele ya wenzake. Mungetoa makala, ningemufukiza na chungu!" Mama Igihozo akapiga makofi. Wengine pia.

Shefu wetu wa avenue, Papa Munguakonkwa, mutu wa amani, akakuna kichwa. Akasema mambo ya matunda tutayaangalia siku nyingine, lakini menthe ni ya wagonjwa, iachwe. Prefe akafunga daftari lake akaenda. Nimeshinda, Daniella! Bénie amepewa ruhusa ya kuingia na yake darasani. Na sasa nasikia watoto wengi pale shuleni wana vifua vibaya, wazazi wao wananishukuru njiani.

Gentil amefurahi mpaka ameandika ubao mukubwa na rangi nyekundu, ameutundika kwenye kioski: KUFUKIZA YA KISASA. Neno langu! Nikipita ananiita "Mama Patron".

Bénie yuko salama. Trompeti hajaipiga siku hizi, anasema mudomo unamuuma. Kikohozi kinakuja na kwenda. Kwa Papa natuma mbili, moja ya ananas, yaani nanasi, na moja ya fraise, lile tunda dogo jekundu, achague.

Émérance


Kiwanja, tarehe 3 mwezi wa tatu 2026

Yaya,

Leo sianzi na salamu.

Zile mbili za Papa ziliisha. Alivuta ya ananas, akavuta ya fraise, alivuta kama mutu anayekimbizwa. Zilipoisha alianza kutetemeka mikono. Usiku halali. Alinitukana juu ya mboga, akamwaga sahani ya bugali mbele ya wageni wa kanisa. Halafu akatoweka. Nikamutafuta mpaka sokoni, nikamukuta kwa wale wamama wanaouza majani ya tumbako. Papa, Yaya! Amesimama pale na kofia mukononi, anaomba wamuonjeshe jani moja.

Unakumbuka vile aliacha. Siku tulipomuzika mama alikitoa kiko chake mufukoni, akakiweka kaburini juu ya sanduku, mbele ya padri na watu wote, akasema kiende naye, sababu mama alikuwa amemuomba maisha yote na yeye alikuwa anakataa. Tangu siku ile hajagusa. Watu wa Kiwanja wanalihadithia mpaka leo.

Nikamushika mukono, nikamurudisha nyumbani, nikamuuliza. Akaniambia, "Daniella, ile ya dada yako ni tumbako. Wameivalisha nguo ya arusi, lakini ni yeye mwenyewe. Nilimutambua mara ya kwanza tu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akageuka ukutani.

Umemurudishia Papa kiko, Yaya. Umekitoa kaburini kwa mama ukamupa mukononi. Na wewe unanieleza juu ya ubao mwekundu na makofi! Mwangalie mutoto wako vizuri kabla ya kuniandikia tena.

Daniella


Goma, tarehe 8 mwezi wa tatu 2026

Daniella,

Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama. Tangu lini unanifundisha kumwangalia mutoto wangu?

Papa ni muzee. Wazee wanachanganya. Sanduku la hii dawa limeandikwa MENTHE, limechorwa jani, jani lenyewe ni la kijani kibichi. Nani amekwisha kuona tumbako ya fraise? Wewe unakaa kijijini, kila kitu kipya kinakuogopesha, hata mashine ya kusaga uliiogopa.

Mimi ninajua ninachonunua.

É.


Goma, tarehe 19 mwezi wa tatu 2026

Mudogo wangu,

Usinicheke. Au cheka, lakini mbali na Papa.

Nilipokwisha kutuma ile barua ya hasira, maneno yako juu ya mikono ya Papa hayakunitoka. Nikasema, nitakuonyesha. Nikachukua pufu ya Bénie, nikaifunga katika sanduku langu la vitenge, nikamwambia atapumuzika nayo kidogo.

Daniella, nilimwona Papa. Mutoto wa miaka kumi na sita, nilimwona Papa ndani yake. Alimupiga mudogo wake juu ya sabuni. Mikono haikutulia. Aliniambia maneno ambayo hajawahi kuniambia, halafu akalia, halafu akatafuta katika vitu vyangu, vitenge vyote chini. Nikamukalisha kwenye kitanda.

"Bénie, hii ni nini?"

"Ni pufu, mama."

"Ndani yake kuna nini?"

Akageuza kisanduku cha pufu, akanionyesha maneno madogo chini kabisa, ya Kiingereza. "Nikotine. Ile ya sigara."

"Umejua lini?"

"Tangu mwanzo. Kila mutu shuleni anajua. Nilidhani na wewe unajua."

"Ningejua, ningekununulia?"

Nikamuvuta maneno moja moja, kama mutu anayetoa miiba. Alikuwa amekwisha kuanza kabla ya Noeli, na wenzake, pale pale kwa Gentil. Walikuwa wanachangia moja ya mango. Kikohozi kilitoka hapo, Daniella! Nilikuwa ninamutibu ugonjwa kwa ugonjwa wenyewe, na ninalipa, na ninashukuru. Nikamuuliza, "Siku nilipokuletea, kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa umekwisha kuwaambia watu wote."

Nikatoka nje. Nilikaa juu ya jiwe la kufulia, sikuweza kufua.

Asubuhi nikaenda kwa Gentil. Ananiona, anafurahi: "Mama Patron!" Nikamwambia, patron ni mama yako. Nikamuuliza, mimi nilikuja hapa nikakuambia mutoto wangu ni mugonjwa, ndiyo au hapana? "Ndiyo, mama." Ukaniuzia tumbako? Akaweka mikono kifuani kama mutakatifu. "Mama, mimi sikusema ni dawa. Mimi sikusema kufukiza. Kufukiza ulisema wewe. Mimi niliitikia tu."

Aliitikia tu! Unasikia kinywa hicho? Mutu anamwona mama na mutoto anayekohoa, anajua, halafu anaitikia tu! Na wakati tunagombana, walikuja watoto wawili wa bleu-blanc, hawajafika hata kwenye bega langu, wakasema, "Gentil, kufukiza ya mango." Neno langu, Daniella. Katika vinywa vya watoto wa watu. Nikawafukuza na kiatu.

Amesema hanisikilizi, yeye ana ruhusa ya shefu, ruhusa niliyoipigania mimi mwenyewe kwa makofi. Basi nitaenda kwa huyo shefu. Nitaenda kwa prefe pia, na huko ndiko miguu inakokuwa mizito. Lakini nitaenda.

Papa anaendelea je? Usimupe kitu. Usimupe hata kama analia.

Émérance


Kiwanja, tarehe 24 mwezi wa tatu 2026

Émérance mutoto wangu,

Daniella njo anaandika, mimi ninasema. Aandike vile ninavyosema, asipunguze.

Nimesikia unataka kufunga biashara ya yule kijana. Ni vizuri kwa watoto. Watoto hawana akili. Lakini mimi si mutoto wa bleu-blanc. Mimi ni baba yako, nina mvi, nilizaa, nililima, nilizika. Nikitaka kuvuta kitu mbele ya mulango wangu, hakuna shefu wa avenue wa Goma atakayenikataza.

Kitu kile nilikijua mara ya kwanza. Sikusema sababu kilikuwa kitamu na wewe ulikuwa umetuma kwa furaha. Kiko kilikuwa kikali, kilikuwa kinamwambia mutu, mimi ni moshi, jihadhari. Hiki chenu kinanuka keki. Mutu mwenye meno mabovu kama mimi kinamudanganya, mutoto je?

Lakini mimi nimekwisha kudanganyika. Nitumie moja ya ananas. Moja tu. Niivute polepole, niishe nayo.

Baba yako,
Hilaire

(Yaya, sijapunguza hata neno. Baada ya kusema haya aliomba nimusomee tena, akasema ile sehemu ya ananas niiweke juu. Nimekataa. D.)


Goma, tarehe 31 mwezi wa tatu 2026

Papa, na Daniella,

Papa, tangu nizaliwe sijawahi kukuambia hapana. Ulisema niache shule darasa la tano nimusaidie mama, nikaacha. Ulisema niolewe Goma, nikaolewa Goma. Leo ninakuambia hapana. Sitatuma ya ananas, sitatuma ya fraise, sitatuma hata sanduku tupu ulinuse. Ukikasirika, kasirika, niko mbali.

Sasa sikieni mukutano ulivyokwenda.

Nilikwenda kwanza kwa prefe. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti. Nikamwambia, "Prefe, ile siku nilikuuliza kama wewe ni munganga." Akasema, "Nakumbuka, mama." Nikasema, "Basi mimi pia si munganga. Ita watu tena."

Wakaja wengi, sababu walijua kutakuwa na kelele. Gentil naye alikuja, amevaa shati safi. Papa Munguakonkwa akasoma azimio: vitu vya ladha visiuzwe tena karibu na shule, na asiuziwe mutoto hata mumoja, hata akisema ametumwa na mama yake. Watu wakaitikia. Gentil akainua mukono. "Shefu, nakubali, za matunda nitatoa. Lakini menthe ni dawa. Shefu mwenyewe ulisema. Muulizeni Mama Bénie, neno ni lake."

Vichwa vyote vikageuka. Bénie alikuwa nyuma, karibu na dirisha, nilimwona akiinama.

Nikasimama. Nilitaka kusema taratibu, nilikuwa nimepanga maneno ya taratibu. Hayakutoka. Nikasema, "Ndiyo, neno ni langu! Na mimi nililipata kwa mama yangu, aliyetufukiza watoto saba na majani ya mikalitusi, hakuna hata mumoja aliyetoka kwenye kile kitenge akitetemeka kutaka kingine. Wewe umechukua neno la mama yangu ukaliandika na rangi nyekundu juu ya tumbako! Ladha ya menthe ni ladha. Ladha ya keki ni ladha. Nani amekwisha kumwona muzee wa kiko akiomba kiko cha fraise? Wanaitia fraise kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mutu ambaye jana tu aliacha kunyonya bonbon! Mutoto wangu anavuta. Nilimununulia mimi. Wa Mama Igihozo anavuta, nilimushauri mimi. Mulionisikiliza nikijisifu pale kisimani na kwenye sala, nisikilizeni na leo!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Igihozo alinitazama, sijui kama tutasalimiana tena. Alikuwa hajajua kama kile alichomununulia mutoto wake ni tumbako.

Lakini shefu aliandika: na menthe pia. Ubao umeshushwa.

Musifurahi bado. Siku ya pili Gentil alibeba kioski yake akavuka barabara. Barabara tu! Upande wa pili ni avenue nyingine, ina shefu mwingine, na shefu yule anasema shule haiko kwake. Watoto wanavuka. Mimi ninaona kila kitu kutoka pale ninapouzia ndizi, na damu yangu inachemka kama chungu. Nimekwenda kwa yule shefu, amesema nirudi baada ya Pasaka. Nitarudi. Nimewachukua wamama wawili, wa tatu anafikiri.

Daniella, ninakuletea Bénie kwa likizo ya Pasaka. Hapa akitoka mulangoni tu anaiona. Anasema anataka kuacha, lakini anasema huku akiangalia upande mwingine. Mukague muzigo wake. Na usimwache peke yake na Papa, hawa wawili sasa ni shati na kifungo.

Émérance


Kiwanja, tarehe 11 mwezi wa ine 2026

Mama,

Mama mudogo amesema niandike mwenyewe, na niandike ukweli, sababu yeye hataki tena kuandika ukweli wa watu wengine.

Nilikuja na moja. Mama mudogo alikagua muzigo lakini hakukagua viatu. Ilikuwa ya ananas, nilimuletea babu. Nilimuonea huruma. Tulivuta wote wawili nyuma ya nyumba, siku ya pili ya Pasaka, na mama mudogo akatukuta. Alipiga kelele kama wewe. Babu aliiweka nyuma ya mugongo, kama mutoto. Halafu akaangalia mukono wangu, jinsi ulivyokuwa unangojea zamu, akaitoa, akampa mama mudogo bila kuambiwa. Tangu hapo hajavuta, anatafuna vipande vya tangawizi na kutukana mbuzi. Mimi nimetafuna pia. Haisaidii sana.

Mama, pufu zimefika hapa. Leo sokoni kuna mutu ametandika turubai, ameweka sabuni, betri, na zile. Nilizitambua kutoka mbali kwa harufu, miguu ikaenda yenyewe. Nilisimama pale. Nilikuwa na pesa ya chumvi mukononi. Siwezi kukuambia sikutaka kununua.

Kulikuwa na musichana mudogo, labda wa darasa la sita. Mwenye turubai alikuwa anamwambia, "Hii ni kufukiza ya Goma, inafungua kifua." Yule musichana aliniona na viatu vyangu vya Goma, akaniuliza, "Dada, ladha gani ni nzuri zaidi?"

Nikamwambia, hii ni tumbako. Akacheka. Akasema, "Tumbako ni ya wazee. Hii ni kufukiza."

Mama, hasira ilinipanda, sikujua inatoka wapi. Nilimuuliza yule mutu kama anajua kusoma. Nikamusomea maneno madogo ya chini kwa sauti, kwa Kiingereza kwanza, halafu nikayageuza kwa Kiswahili. Akaniambia niende zangu. Nikasoma tena, kwa nguvu. Wamama wa nyanya wakaacha kuhesabu. Mumoja wa wale wanaouza majani ya tumbako akasema, "Huyu mutoto ni wa nani?" na mwingine akasema, "Si unasikia? Ni wa Émérance." Mama ya yule musichana alitoka kati ya wamama wa nyanya, akamuchukua, wakaenda. Labda atarudi kesho nikiwa sipo.

Nilikohoa njia yote ya kurudi. Chumvi nilinunua.

Sijamaliza, mama. Jana usiku niliota ninavuta. Ukiniuliza kama nimeacha, nitakuambia bado.

Bénie


Goma, tarehe 17 mwezi wa ine 2026

Bénie mutoto wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mahali pa viatu nilikasirika, nikaiweka chini, nikauza ndizi, nikairudia.

Hii ni mara ya kwanza unaniambia jambo baya kabla mutu mwingine hajaniambia. Sikumwonyesha mutu yeyote. Mama Igihozo alipita, tunasalimiana kidogo sasa, akauliza, "Bénie ameandika nini?" Ungeona jinsi ulimi ulivyoniwasha! Pale sokoni ulivyosoma kwa Kiingereza, ningeweza kulihadithia mpaka mwaka mupya. Nikamwambia, "Ameandika anaendelea." Basi. Nikafunga mudomo, na kuufunga kuliniuma kuliko jino.

Yule shefu wa ng'ambo amesema nirudi tena wiki ijayo. Anadhani nitachoka, maskini.

Nauliza kama umeacha. Jibu utakalonipa nitalisikia nimekaa chini. Sauti yangu siwezi kuipunguza, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini niambie mimi kwanza.

Mama yako,
Émérance